Mfadhili Anapokuja na Familia Yake: Mwongozo kwa Wazazi, Walezi na Kamati za Mradi

Taarifa huja kwa simu. Mtumishi wa mradi anampigia mama na kumwambia kuwa mfadhili wa mtoto ameomba kuja kumwona, na hatakuja peke yake: yuko na mke wake na watoto wao wawili, na wangependa kukaa wiki nzima wakijitolea pale kituoni. Tangu hapo nyumba haitulii. Baba anawaza bati lililotoboka, mama anawaza vikombe vya kuazima kwa jirani, bibi anauliza kama wageni hao wanakula ugali. Mtoto mwenyewe, ambaye safari yote imepangwa kwa ajili yake, mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa anaonaje.

Wafadhili huandaliwa. Kabla ya kupanda ndege hupewa kijitabu, huelezwa wavae nini, wasipige picha wapi, wasiahidi nini. Familia inayowapokea, huku kwetu, huambiwa fanyeni usafi, wageni wanafika Alhamisi. Ndiyo maana naandika kwa ajili ya wenyeji: mzazi, bibi mlezi, mwalimu, kamati ya kanisa, mkalimani. Na ninalotaka walishike kabla ya lingine lolote ni kwamba mfadhili anakuja kama mgeni wa nyumba, na mwenye nyumba ni mzazi. Ada iliyolipwa haikumwondolea mama mamlaka juu ya mwanawe. Ana haki ya kuuliza, ya kuweka masharti, na ya kukataa ziara. Shirika linalojiheshimu halimfuti mtoto kwenye orodha kwa sababu mzazi wake alikataa mgeni.

Pesa zinapitia wapi

Mpango wa mtu wa mbali kumlipia mtoto mmoja mwenye jina na picha haukubuniwa kwa ajili ya Afrika. Mwaka 1937, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto Hispania, mwandishi wa habari Mwingereza, John Langdon-Davies, alianzisha mpango wa kuwatunza watoto walioathirika. Mpango huo ulikua ukawa Plan International. World Vision ilianzishwa mwaka 1950 na Mmarekani Bob Pierce, na miaka miwili baadaye mhubiri Everett Swanson akaanza kuwasaidia yatima wa vita vya Korea, kazi iliyozaa shirika la Compassion, ambalo liko Tanzania tangu mwaka 1999. Kwa hiyo kabla ya mtoto wa Singida au Kitui kuandikiwa barua na mfadhili, waliandikiwa watoto wa Hispania na Korea. Korea Kusini ilipoinuka kiuchumi mambo yakageuka: tangu 2003 Compassion ina ofisi huko ya kutafuta wafadhili, na leo inawezekana kabisa familia ya Seoul ndiyo inayomlipia mtoto wa Arusha. Nawaeleza wazazi habari hii kila ninapopata nafasi, kwa sababu wengi hukaa mbele ya mgeni wakiwa wameinamisha kichwa, kana kwamba kupokea msaada ni aibu ya ukoo.

Msaada huu pia umepimwa. Mwaka 2013 wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha utafiti juu ya watu wazima waliofadhiliwa na Compassion utotoni katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo. Waliofadhiliwa walikuwa wamesoma zaidi, kwa kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu hivi, na walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupata ajira ya mshahara. Mgeni akitaka kujua kama fedha zake zinafanya kazi, ofisi inaweza kumjibu kwa takwimu na ripoti. Si lazima mtoto asimamishwe mbele ya watu atoe ushuhuda wa machozi.

Mzazi aulize mapema mradi wake unaendeshwa vipi, maana mashirika hayafanani. Kwa Compassion, mtoto huandikishwa katika kituo kilicho chini ya kanisa la mahali, na huduma humlenga yeye kwa jina. Kwa World Vision na Plan, michango ya wafadhili wengi huwekwa pamoja na kutumika kwa kijiji au kata nzima: kisima, darasa, chanjo, vikundi vya kuweka akiba. Nimeona mgeni akimuuliza mama, "Ada ya shule mliilipa na ile pesa ya Machi?" na mama akabaki ameduwaa, kwa sababu mkononi mwake haikuwahi kupita shilingi. Mgeni akaondoka na wasiwasi kuwa fedha zililiwa. Neno moja la mtumishi wa mradi mwanzoni mwa mazungumzo lingemaliza jambo hilo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusema karibu

Ziara halali hupitia ofisi. Mfadhili huomba, shirika humchunguza, ofisi ya nchi hupanga tarehe, na mtumishi wa mradi huambatana na wageni tangu wanapofika hadi wanapoondoka. Mashirika makubwa hudai wageni watu wazima wachunguzwe kumbukumbu zao za uhalifu kwao kabla ya kuonana na mtoto. Mzazi ana haki ya kuuliza waziwazi: hawa wamechunguzwa? Wote, au yule mwenye jina tu? Mara nyingine mfadhili ni mama, lakini kwenye gari yumo shemeji yake na rafiki wa kijana wao, na hao hakuna aliyewauliza chochote. Uliza pia wanakaa saa ngapi, nani mkalimani, nani atakuwa na mtoto muda wote, na kama wageni watafika nyumbani au mtakutania kituoni. Kama hutaki wafike nyumbani, sema. Kituo kinatosha.

Mgeni akitokea mwenyewe, bila ofisi kujua, hata akiwa ameshika barua na picha ya mtoto, usimpe mtoto. Mkaribishe kiti, mpe maji, mpigie mtumishi wa mradi. Ikiwa hapatikani, mwite mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, na kwa Kenya mzee wa kijiji au naibu chifu. Mfadhili mwema hataudhika. Amekwisha kuelezwa kwao kuwa ndivyo ilivyo.

Suala la kujitolea linahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kamati nyingi hufurahi kusikia wageni watafanya kazi wiki nzima, bila kuuliza wameingia nchini kwa karatasi gani. Tanzania, viza ya kawaida ya dola 50, ambayo kwa raia wa Marekani ni dola 100, ni ya matembezi. Mtu anayekuja kujitolea kwa muda huhitaji kibali cha ukaazi daraja C, na kwa shughuli fupi kuna viza ya biashara ya dola 250 isiyozidi miezi mitatu. Kenya iliacha viza Januari 2024 na kuweka kibali cha mtandaoni kiitwacho eTA, lakini kibali hicho peke yake si ruhusa ya kufanya kazi. Ofisi ya mradi iwaulize Uhamiaji mapema, tena kwa maandishi, shughuli zilizopangwa zinahitaji nini. Mgeni akikutwa na brashi ya rangi mkononi na karatasi ya utalii mfukoni, usumbufu humfika yeye na humfika mwenyeji aliyemwalika.

Na hata karatasi zikiwa sawa, kamati ifikirie kazi yenyewe. Sioni sababu ya familia kutoka Ohio au Bavaria kupiga lipu ukuta wa darasa wakati mtaa una mafundi wenye kazi zao waliokaa bila kibarua. Lipu itapasuka, fundi ataitwa kurudia, na atalipwa nusu. Waacheni wageni wafanye wanachokijua. Muuguzi akae na wahudumu wa afya wa kituo wapitie rekodi za chanjo. Mhasibu amsaidie mtunza hazina kupanga vitabu. Mwenye gitaa acheze na kwaya. Watoto wao wasome hadithi na wenzao, mwalimu akiwepo. Asiyekuwa na ujuzi unaohitajika amenye viazi jikoni na akina mama; huko ndiko atakakojifunza mengi. Lisilofaa ni mgeni kukabidhiwa darasa peke yake, kumpeleka mtoto chooni, kumwogesha, au kutoka naye kwa matembezi ya wawili. Sheria hii imhusu kila mgeni, awe mchungaji, daktari au bibi mwenye mvi.

Kumwandaa mtoto

Anza na kumuuliza kama anataka. Mtoto wa miaka sita atasema ndiyo kwa kila kitu, lakini wa miaka kumi na mbili ana lake moyoni. Wapo watoto wanaoogopa jambo ambalo wakubwa hawalifikirii hata kidogo: kwamba wageni wanakuja kuwachukua. Wamesikia wenzao wakiwatania, "Mzungu wako anakuja, utapanda ndege." Mwingine halali kwa hofu ya kuachana na mama yake. Mwingine anaanza kugawa madaftari yake, akiwa na uhakika kuwa anaondoka. Mwambie wazi, kwa maneno ya nyumbani: wanakuja kukusalimia, watakula, mtacheza, halafu watarudi kwao na wewe utabaki hapa.

Wazazi nao waambiane ukweli huo, maana si watoto tu wanaoota ndege. Ufadhili hauhusiani na kuasili mtoto. Kenya ilisitisha watoto wake kuasiliwa na wageni Novemba 2014, na Tanzania jambo hilo hupitia ustawi wa jamii na mahakama kwa utaratibu mrefu. Mtu yeyote anayemnong'oneza mzazi kuwa anaweza kumpeleka mtoto Ulaya "kwa masomo" mwishoni mwa ziara anapaswa kuripotiwa siku hiyohiyo.

Toeni barua za zamani, mzisome pamoja. Mtoto ajikumbushe mfadhili anaitwa nani, watoto wake wana umri gani, mbwa wao ana jina gani. Ikiwa mfadhili wa kwanza aliacha na huyu ni wa pili, mtoto asiachwe kuchanganya barua za huyu na za yule; kumtaja mtu mwingine mbele ya mgeni humtia mtoto aibu isiyo ya lazima. Msaidieni pia kuandaa maswali mawili matatu ya kwake. Baridi ya kwenu ikoje? Unasoma darasa la ngapi? Mnapika nini Jumapili? Mtoto mwenye swali anakaa wima.

Kuna mambo yasiyopaswa kutoka nje ya mlango, na mkubwa kati yake ni afya. Nimesikia mtangazaji wa kituo akisema kwenye kipaza sauti, mbele ya wageni na nusu ya kijiji, kuwa mtoto fulani "wazazi wake walikufa kwa ule ugonjwa." Hilo ni kosa la utu na pia la sheria. Tanzania ina sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 na Kenya ya mwaka 2006, na zote zinalinda siri ya hali ya mtu. Mzazi au mlezi akae na mtumishi wa mradi kabla ya ziara, wakubaliane nini kitasemwa kuhusu baba aliyeondoka, mama aliyefariki, dawa zinazonywewa asubuhi. Mgeni akiuliza, mkalimani ajibu kwa upole kuwa familia ingependa kutolizungumzia hilo. Hapo hakuna uongo wala ukosefu wa adabu.

Siku yenyewe

Usipake nyumba rangi kwa mkopo. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona familia ikikopa kwenye kikoba kununua viti vya plastiki na kreti mbili za soda, ikalipa deni hilo hadi msimu wa mavuno. Fagia uwanja, tandika vitambaa vyako vya meza, azima benchi la kanisa. Uliza ofisi kama kuna fungu la chakula cha wageni. Miradi mingi huwa nalo, na mzazi hana haja ya kuona haya kuliuliza.

Pika mnachokula siku njema. Wali na maharage, ugali na kuku wa kienyeji, ndizi, mboga za majani. Kitu kimoja kiulizwe mapema kupitia ofisi: kuna mtoto asiyeweza kula kitu fulani? Karanga zetu zimo kwenye mchicha, kwenye kisamvu, kwenye uji wa lishe, na kwa watoto wengine wa huko karanga kidogo tu huvimbisha koo na kuziba pumzi. Maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa. Chakula kitoke jikoni kikiwa cha moto. Halafu kaeni mle pamoja, pamoja na mtoto mwenyewe na ndugu zake. Mgeni kuandaliwa meza peke yake huku watoto wamesimama mlangoni wakimtazama anavyotafuna ni heshima iliyopinda, na wageni wengi huwa hawajui wafanye nini wakikutana nayo.

Salamu ziwe zile za kila siku. Mtoto aamkie "Shikamoo" kama anavyomwamkia mjomba, na mgeni afundishwe kuitika "Marahaba." Kwa makabila ambayo mtoto hupiga magoti anaposalimia wakubwa, apige kama desturi inavyotaka, asiongezewe cha zaidi kwa sababu mgeni ametoka mbali. Kama amezoea kumwandikia "mama mfadhili", amwite hivyo. Asilazimishwe kukumbatia wala kukaa mapajani. Wengi wamezoea kutoa mkono tu, na mkono unatosha.

Ziara moja niliyokalia kiti cha mkalimani inanifundisha mpaka leo. Sebule ilikuwa ndogo, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, kalenda ya kanisa ukutani. Wakubwa walizungumza muda mrefu: hotuba ya mzee wa kanisa, majibu ya baba mfadhili, shukrani za mama. Msichana wa nyumba ile, wa miaka kama kumi, alikuwa ameketi katikati ya wageni akitazama vidole vyake, na kijana wao wa umri huohuo alikuwa mlangoni ameng'ang'ania chupa yake ya maji. Hawakuwa wamesemezana neno. Kaka mdogo akaleta mpira wake wa makaratasi na nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani, akaudundisha mara moja kwenye kizingiti. Yule kijana akauweka chini ya mguu, akaurudisha. Kufumba na kufumbua watoto wote walikuwa uwanjani, rede imepangwa, binti yetu ndiye anayetoa amri nani asimame wapi, na kijana wa wageni anakwepa mpira huku akipiga kelele kwa lugha isiyoeleweka na mtu, na wote wanamwelewa. Ndani, wazazi walianza kuzungumza kama wazazi: meno ya watoto, shule, uvivu wa kuosha vyombo. Tangu hapo huwa naishauri kamati iweke mchezo mwanzoni na hotuba mwishoni, tena iwe fupi. Bao, kamba ya kuruka, mpira, rede, vyote vinafaa, na mtoto wa hapa ndiye anayevijua, kwa hiyo yeye ndiye mwalimu.

Mkalimani atafsiri yote, pande zote mbili, bila kukata wala kuongeza. Mama akisema "Tunashukuru," mkalimani asiongeze kuwa mama ana shida ya nyumba. Mgeni akiuliza swali gumu, lifike kama lilivyo, mzazi ndiye aamue kulijibu au kutolijibu. Inafaa mkalimani asiwe mtu anayeidhinisha msaada wa familia hiyo, ili mama aweze kusema kweli.

Picha na simu

Picha zitapigwa, na hakuna ubaya zikipigwa kwa ruhusa. Mzazi aulizwe kwanza, mtoto naye aulizwe, na wote wawili waweze kukataa. Mtoto awe amevaa, awe katika hali ambayo yeye mwenyewe angependa kuiona akiwa na miaka thelathini. Kumpiga picha akiwa amelala kwenye godoro lililochanika, au akilia, kataeni. Picha isiwekwe mtandaoni ikiwa na jina lake kamili, jina la shule na kijiji kwa pamoja, kwa sababu hizo tatu zinamfikisha mtu yeyote mlangoni kwenu. Simu nyingi pia huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Mtumishi wa mradi awakumbushe wageni kuzima huduma hiyo kabla ya kuingia kijijini.

Kwa shirika, shule au kanisa linalotaka kutumia picha hizo kwenye mabango na ripoti, sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Karatasi ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, kabla ya dole gumba kuwekwa.

Msibadilishane namba za simu. Hili huwaudhi watu wa pande zote, maana wameshapendana na WhatsApp iko mkononi. Lakini mawasiliano yanayopita ofisini yana mtu anayeyasoma, na huyo ndiye kinga ya mtoto. Mfadhili akimtafuta kijana kwa siri kwenye mitandao, ofisi iambiwe, hata kama ujumbe ni wa salamu tu. Wapo pia matapeli wanaojifanya wafadhili, wakatuma picha za vifurushi na kuomba "ada ya forodha" ilipwe kwanza. Hakuna mfadhili wa kweli anayemtoza mzazi.

Zawadi, na maombi ya familia

Kwa mtoto: viatu vya shule vya saizi iliyoulizwa, madaftari, sweta, mpira. Kwa nyumba yenye watoto watano, zawadi ya mmoja tu huleta kilio usiku, kwa hiyo ofisi imshauri mgeni alete vitu vya kushirikiana. Dawa zisiletwe. Kompyuta mpakato kwa mtoto wa darasa la tatu isiletwe. Wageni wakumbushwe pia kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Wengi hufungasha zawadi kwa mifuko hiyo bila kujua.

Nasi tukitoa, tutoe kinachosafirika. Kuku hai na gunia la mahindi huleta furaha na usumbufu kwa pamoja, kwa kuwa nchi nyingi zinazuia nyama, mbegu na matunda mpakani. Khanga ni nyepesi na ni nzuri. Kikapu cha ukili kisafi, mchoro wa mtoto, picha ya familia iliyooshwa, vyote vinaingia kwenye begi.

Sasa maombi. Kila familia ina shida, na mgeni mwenye uwezo amekaa mbele yako: kishawishi cha kumtilia kikaratasi kwenye kitabu au kumfundisha mtoto aombe ni kikubwa, na simlaumu mama anayekipata. Lakini kikaratasi kinamweka mtoto pabaya. Mgeni aliyekuja kumsalimia anaanza kujiuliza kama upendo wa mtoto ni wa kweli, na mtoto anaona hivyo usoni mwake. Peleka ombi mradini, kwa sauti na kwa maandishi, kabla au baada ya ziara. Mashirika kadhaa yana utaratibu wa zawadi ya familia, na ndio uliowanunulia watu mbuzi, magodoro na mabati. Mgeni akiahidi kitu mbele yako, mshukuru, kisha mwambie mtumishi wa mradi akiandike. Usimwambie mtoto mpaka kifike.

Kwa vituo vya yatima, onyo

Ziara za kujitolea kwenye makao ya watoto ni suala jingine kabisa, na hapa sina maneno laini. Ripoti ya Save the Children ya mwaka 2009 ilieleza kuwa angalau watoto wanne kati ya watano walio kwenye makao duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Wengi wamepelekwa huko kwa umaskini, na baadhi ya makao hukusanya watoto kwa kuwa wageni wanaojitolea huja na fedha. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalogusa madhara ya ziara na kujitolea katika makao hayo. Kenya tangu 2022 ina mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Mzazi akishawishiwa ampeleke mtoto makaoni "kwa sababu wafadhili wanakuja", akatae, na amwone Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake, au ofisa wa watoto kwa Kenya.

Kwa ndugu zetu walioko nje

Familia za Kiswahili zilizoko Minneapolis, Toronto, London au Muscat nazo zinafadhili, na zikija likizo hutaka kumwona mtoto wao wa mradi. Mna faida kubwa: hamhitaji mkalimani, na mnajua kula kwa mkono. Faida hiyo huwadanganya baadhi yenu mkadhani utaratibu hauwahusu. Unawahusu. Ombeni ziara miezi kadhaa kabla, hata kama shangazi yenu anaishi kata hiyohiyo, na msiende "kupitia tu" mkitoka msibani.

Watoto wenu waliozaliwa huko waandaliwe kama mtoto wa hapa anavyoandaliwa. Waambieni choo ni cha shimo, wafundisheni kuamkia, na msiwaambie "mwone wenzenu wanavyoteseka" mkiwa sebuleni mwa watu. Mtoto wa nyumba ile anakisikia Kiswahili chenu vizuri kuliko watoto wenu. Mkipitia Kenya au Uganda kuingia Tanzania, bebeni vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, kwa hiyo cha zamani bado kinafaa.

Baada ya wageni kuondoka

Siku mbili tatu za mwanzo mtoto anaweza kunyamaza, au kuwa mkaidi, au kuringa kwa wenzake. Mpeni muda, mrudisheni kwenye kazi zake za kawaida, na msimtishe kwa mfadhili: "Nitamwandikia mfadhili wako umeshindwa hesabu" ni tishio linaloharibu kila kitu kizuri kilichofanyika. Shuleni, mwalimu aangalie asitaniwe wala kuombwa pesa na wakubwa. Majirani wakidhani nyumba imejaa dola, mwenyekiti aliyekuwepo awaeleze alichokiona.

Barua ya kwanza baada ya ziara aiandike mtoto mwenyewe, kwa Kiswahili chake, na makosa yake. Ataje mchezo walioucheza na jina la mtoto mwenzake. Mfadhili akiacha ufadhili miezi michache baadaye, kama inavyotokea mtu akipoteza kazi, mzazi aelezwe na ofisi mara moja, na mtoto aambiwe kuwa hakukosea lolote siku ile.

Ndani ya wiki moja, kamati ikae na mzazi pasipo mgeni wala mfanyakazi wa makao makuu, imuulize nini kilimkera. Majibu yaandikwe na yapelekwe ofisini. Na kama mtoto amesema kitu kuhusu mgeni, mtumishi au mtu yeyote aliyekuwepo, kitu kinachokutia shaka hata kidogo, usingoje kikao. Piga 116, simu ya watoto, isiyotozwa, Tanzania, Kenya na Uganda. Mlezi anaweza kupiga, jirani anaweza kupiga, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.